Mbwa Mwenye Ugonjwa wa Kurizi

"Ile mbwa haiingie mu parcelle yangu!"

Mama Julienne alikuwa amesimama mlangoni, mwiko wa ugali mkononi, akiulinda ua wake. Nje, Nathanaël alikuwa bado juu ya pikipiki, vumbi la barabara ya Kabambare limemjaa mpaka kwenye nyusi. Mbele yake, juu ya tangi, kulikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu mbwa mdogo wa kahawia alikuwa anamtazama mama huyo bila wasiwasi wowote.

"Mama, jambo kwanza."

"Jambo utanipa kisha kuitoa hapa."

Régina, binti wa Mama Julienne, alitoka jikoni akifuta mikono. Juma lililofuata wazee wa Nathanaël walikuwa waje Kasongo kumposa rasmi, na mchumba wake huyo alikuwa ameona siku hizo ndizo za kuleta mbwa.

"Nath, ni nini tena?"

"Anaitwa Simama. Kule Salamabila mutu mwenye mbwa alikuwa anahama, akataka kumutupa mu shimo ya dhahabu. Nikamuomba."

"Amutupe juu ya nini?"

"Anaangukaka. Anatembea kidogo, kisha miguu inaisha nguvu. Nilimupitisha kwa Gérard, vétérinaire ya Kabambare, munganga ya wanyama. Ametuma message."

Akasoma kwa sauti: "Ndugu, ni ugonjwa ya misuli, ugonjwa ya kurizi. Dawa hakuna. Umulishe muzuri, usimukimbize, anaweza kuishi myaka."

Mama Julienne alishika neno moja tu, kurizi, ambalo kwake lilikuwa kurithi mali ya mtu.

"Kurizi! Mumesikia? Mwenyewe amekuachia mbwa, wewe umeirizi. Utarizi na ugonjwa! Kesho ni wewe utatambaa, kesho kutwa ni mutoto yangu!"

Majirani walikuwa wamekwisha kusogea kwenye ua, maana vitu kama hivi havisikilizwi kwa mbali. Nathanaël alicheka, na hapo ndipo alipojiharibia. Aliona ni kazi yake kumwelimisha mama mkwe.

"Hapana, Mama, siyo kurizi ya namna ile. Hii ni ya damu. Mutoto anazaliwa nayo. Inatoka kwa mama yake."

Mwiko ukashuka. Mama Julienne hakupiga kelele tena, na wanaomjua wanasema afadhali kelele zake.

"Inatoka kwa mama yake," alirudia.

"Ndiyo. Mama anaonekana muzima, lakini..."

"Toka. Na wazee wako wabaki kwabo. Ndoa hakuna."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Jioni ujumbe wa Régina ukaingia kwenye simu ya Nathanaël.

"Nath, mupe mutu mwingine ile mbwa, hii mambo iishe."

Akaandika: "Nani? Kila mutu akiona anaanguka, atamutupa."

"Kwa hiyo unachagua mbwa?"

"Nakuchagua wewe. Lakini siwezi kutupa kiumbe juu amezaliwa muzaifu. Hakuomba."

Régina aliusoma ujumbe huo, akaurudia, kisha akalia. Kulikuwa na jambo ambalo Nathanaël hakulijua. Asubuhi Régina alimwita Nathanaël, wakakaa kwenye benchi nyuma ya soko, pale wanapotengeneza baiskeli.

"Nilikuwa na kaka, Joël."

"Hukunitajia kaka hata siku moja."

"Kwetu hatumutaji. Alianza kuanguka akiwa mudogo. Kisha hakuweza kupanda kitanda. Mwisho hata kupumua ilimushinda. Watu ya baba wakasema ubovu umetoka mu tumbo ya mama. Baba akaenda Salamabila, akaoa kule. Nath, mama haogopi mbwa. Anaogopa utauliza ugonjwa ya kwetu."

Nathanaël akasogea karibu.

"Na wewe?"

"Mimi niko muzima. Mama pia ni muzima. Labda nikizaa mutoto mwanaume ataanguka, labda hapana. Hakuna mutu amenipima. Sasa umejua. Kama unataka kwenda, enda leo. Na usinijibu na habari ya mbwa, kaka yangu hakuwa mbwa!"

"Sijasema vile."

Nathanaël alijipangusa uso kwa kiganja.

"Naogopa, Régina. Nikisema siogopi, nakudanganya." Akamgeukia. "Joël alikuwa mutu ya namna gani?"

Swali hilo Régina hakulitegemea. Watu waliuliza alikufa na nini, basi.

"Alikuwa mwongo! Alisingizia tumbo inamuuma juu apewe muwa. Na aliimba mubaya sana, tena kwa nguvu."

Alicheka, machozi yakamwagika, na Nathanaël akamshika mkono mbele ya mafundi wote.

"Nitamwambia baba yangu yote," alisema. "Kama anakataa, nitakuja peke yangu."

Régina alirudi nyumbani, akamkuta mama yake anachambua maharagi.

"Mama, nimemwambia habari ya Joël."

Mikono ya Mama Julienne ikasimama.

"Amesema nini?"

"Ameuliza Joël alikuwa mutu ya namna gani."

Mama Julienne aliendelea na maharagi yake mpaka yakaisha. Kisha akasema, "Waambie wazee wakuje."

Wakaja. Kabla ya kutaja mali ya mahari, mzee mmoja wa upande wa kijana aliuliza swali linaloulizwa kila posa: "Kwenu kuko ugonjwa gani?" Jibu lake la kawaida ni "Malaria tu," watu wanacheka, mazungumzo yanaendelea. Mjomba wa Régina alikuwa amekwisha kufungua mdomo.

"Nyamaza, kaka," Mama Julienne alisema, akasimama. "Kuko. Nilizaa mutoto, jina yake Joël. Ugonjwa ya misuli ilimumaliza. Inawezekana ilitoka kwangu. Inawezekana Régina iko nayo mu damu. Sasa mumesikia, wenye kutaka kwenda, barabara ni ile."

Hakuna aliyecheka. Baba yake Nathanaël alikohoa kidogo.

"Mama, kijana alituambia. Tulibishana, mama yake hakulala."

"Mulijua, na mumekuja?"

"Si unatuona?"

Mama Julienne akakaa chini, akajifunika uso kwa kitenge, akamlilia Joël mbele za watu kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyemnyamazisha.