Picha Iliyokosa Mahali pa Kukaa

Mstari wa kijani ulikuwa na mtu ndani yake.

Radoslav aliisogelea runinga. Programu aliyoiandika ilichora mistari ya rangi tu, kupima kama kile kibao cha kielektroniki, kisichozidi kidole gumba, kingeweza kutoa picha kupitia tundu la kuchomekea waya wa runinga alilolilehemu mwenyewe. Ili kupima, alikuwa ameondoa shuka juu ya runinga. Pale Gabrovo, mjini kwao, nyumba yenye msiba hufunika vioo na runinga mpaka arobaini ipite, na arobaini ya mkewe, Nevena, ilikuwa bado.

Akajiambia ni nyaya zinaingiliana. Akazifupisha, akarekebisha kasi ya mapigo ya umeme ya kibao, kama fundi yeyote anavyosafisha picha chafu. Kila alipoisafisha, yule mtu alisogea karibu, hadi akawa Nevena, na kovu lake kidevuni, na chumba kikanuka sufu iliyolowa.

Uso ule haukumtisha. Kilichomkosesha raha ni hesabu: kibao hakikuwa na nafasi ya kuhifadhi hata robo ya picha ile. Basi ilihifadhiwa wapi?

Bintiye, Iskra, alianza kwa kusahau jina la paka. Kisha njia ya shule. Kisha akasimama jikoni na kijiko mkononi asijue ni cha kazi gani, na kila alichokipoteza kilitokea kwenye skrini nyuma ya Nevena: paka, njia yenye theluji, kijiko. Radoslav akachomoa waya. Picha ikabaki.

Akamwita Bibi Tsona, ambaye huponya waliopatwa na hofu kwa kumimina madini ya risasi yaliyoyeyushwa katika bakuli la maji juu ya vichwa vyao. Bibi aliitazama skrini mara moja, akaipa mgongo.

"Mwanangu, hilo ni jini," akanong'ona.

"Ana kovu lake, Bibi."

"Anayeiba koti huchukua na vifungo. Nipe risasi, yangu imeisha."

Kwenye droo kulikuwa na lehemu za aina mbili: ya zamani, yenye risasi, na ya siku hizi, bati tupu. Radoslav aliinua macho. Nevena alimtikisia kichwa polepole, kama alivyozoea akimwona anazidisha chumvi kwenye supu ya maharage. Mkono wake ukaishika ile ya bati.

"Ni risasi kweli hii?"

"Ndiyo, Bibi."

Bibi akaiyeyusha, akamfunika Iskra kitambaa chekundu, akainua bakuli juu yake, akamimina huku akinuizia, na bati likatumbukia majini kwa mlio mrefu kama pumzi ya mtu aliyekuwa amezamishwa na sasa ameachiwa, harufu ya sufu ikapanda mpaka kooni, na madini, badala ya kupasuka kuwa miiba, ishara kwamba hofu imetoka, yakalala bapa, laini, yaking'aa.

Kitambaa kikaondolewa. Iskra akasimama, akaenda kwenye runinga, akaegemeza shavu kwenye kioo.

"Mama," akanong'ona, akimtazama Radoslav kwa adabu ya mgeni, "huyu mzee ni nani?"