Sista wa Makopo

Kule Kangemi, mwanamke akijifungua, majirani huja kumwona mtoto. Huja na uji, huja na maneno mengi. Milcah aliporudi kutoka hospitali kubwa ya mjini walikuja pia. Lakini shuka lilipofunuliwa wakanyamaza. Mtoto alikuwa mdogo mno. Mama mmoja akasema polepole, "Mungu anajua." Maneno hayo yalimchoma Milcah. Watu wakisema hivyo mbele ya mtoto mchanga, wao wenyewe wameshakata tamaa.

Mtoto alikuwa njiti, yaani alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Walimwita Awiti. Kwa Wajaluo jina hilo hupewa mtoto anayezaliwa baada ya ndugu yake kufa. Maana yake ni aliyetupwa. Watu hujifanya wamemtupa, ili kifo kisimtamani. Milcah alikuwa amemzika wa kwanza. Hakutaka kumzika wa pili.

Hospitalini Awiti alilala ndani ya sanduku la kioo lenye joto. Milcah alikuwa akikamua maziwa yake kwenye kikombe, na masista wakimpa mtoto kwa mpira mwembamba uliopita puani. Mtoto alipoanza kumeza mwenyewe, wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Daktari alisema, "Mpe maziwa yako, na akae kwenye joto." Akageukia mgonjwa mwingine. Hakueleza mtoto anayechoka kunyonya atapewaje hayo maziwa, wala hilo joto litoke wapi.

Basi kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nyumbani Awiti alivuta titi kidogo, akachoka, akalala. Milcah akachukua kikombe ili akamue kama alivyozoea. Mama mkwe wake, Peres, akamshika mkono. Peres alikuwa amekuja kutoka Kisumu kumsaidia.

"Hapana, nyar Seme," alisema. Ndivyo alivyomwita, binti wa Seme, kwa sababu Milcah alizaliwa huko. "Usikamue katika nyumba hii."

"Kwa nini, mama?"

"Umesahau? Ulipomzika yule wa kwanza, matiti yalikuuma, ukakamulia ukutani. Mwanamke anayekamua ni yule aliyefiwa. Ukikamua na huyu yuko hai, unakiita kifo kije kumchukua."

Milcah akaweka kikombe chini. Peres hakuwa na roho mbaya. Aliogopa tu, na mtu aliyezika mjukuu akiogopa humwambii kitu. Akawasha jiko la makaa, akaliingiza chumbani, akaziba dirisha kwa matambara. Kwani daktari si alisema joto?

Siku chache baadaye gari dogo jeupe likasimama karibu na bomba la maji. Akashuka mwanamke aliyevaa gauni jeupe, kofia nyeupe na viatu vyeupe. Kifuani alibandika saa ndogo, kama wanavyofanya manesi. Akaulizia nyumba yenye mtoto mchanga, akaonyeshwa.

"Mimi ni Sista Virginia," alisema. "Nimetumwa niwaone akina mama wenye watoto wadogo."

Nani kamtuma, hakusema. Na nani angemwuliza? Mjini Nairobi kila nesi huitwa sista. Milcah alipoliona gauni lile moyo wake ulitulia. Akadhani hospitali imemkumbuka.

"Ako njiti, eh?" alisema Virginia. "Pole, mama. Maziwa yako ni nyepesi sana kwa mtoto kama huyu. Huyu anataka maziwa ya nguvu."

Akatoa kopo lenye picha ya mtoto mnono. Akatoa na chupa yenye chuchu ya mpira. Alitoa bure, kwa tabasamu na nyama ya ulimi. "Ikiisha, duka za Westlands ziko nayo," alisema, akaondoka kwenda nyumba nyingine.

Mumewe Milcah, Oloo, alikuwa fundi wa makochi huko Hurlingham. Jioni alilishika lile kopo kwa mikono miwili. "Hata sisi tunakumbukwa," alisema. Peres naye alifurahi, kwa kuwa sasa hakuna haja ya mtu kukamua. Lakini kopo la bure liliisha upesi, na la dukani lilikuwa ghali. Milcah akaanza kupunguza unga na kuzidisha maji ili lidumu. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni njaa ndani ya chupa. Chupa aliisuuza kwa maji ya bomba, na ile chuchu ya mpira ilibaki na ute ndani.

Awiti akaanza kuharisha. Macho yakabonyea. Miguu ikawa baridi, hata na lile jiko. Na matiti ya Milcah, ambayo zamani yalikuwa yakilowesha gauni, sasa yalikuwa yamelegea. Asubuhi moja mtoto hakulia hata alipobadilishwa nepi na kupanguswa kwa maji baridi. Milcah hakungoja mtu. Akamfunga kifuani, akaenda mbio hadi kliniki ya watoto.

Nesi wa pale aliitwa Mbithe. Mbithe hakuuliza jina kwanza. Alimfunua mtoto, akamgusa miguu, akabana ngozi ya tumbo taratibu kwa vidole, akasikiliza pumzi. Kisha akaiona chupa.

"Nani alikwambia umpe hii?"

"Sista."

"Sista gani?"

"Sista Virginia. Wa gari nyeupe."

Mbithe akaiweka chupa mezani kwa nguvu. "Huyo mama alimfunua mtoto kama nilivyomfunua mimi?"

"Hapana."

"Alimpima? Alimshika?"

Milcah akafikiri. "Alishika kopo," alisema.

"Basi huyo si sista. Ni muuzaji. Kampuni inamvalisha nguo yetu, ndiyo mtu kama wewe asimwulize kitu. Na maziwa yako si nyepesi, mama. Hakuna ya mwingine inayomfaa huyu mtoto kuliko yako. Lakini hayo tutazungumza akipona. Sasa ni hospitali."

Awiti alirudishwa wodini, akatundikiwa maji. Milcah alikaa kando ya kitanda. Mwanzoni aliona aibu. Alijiambia kwamba yeye ni mjinga, kwamba amemwua mtoto wake kwa maji. Lakini kadiri alivyotazama yale matone yakishuka, aibu ikageuka hasira. Yeye hakumdanganya mtu. Yeye alidanganywa, tena nyumbani kwake, akiwa na kidonda cha uzazi, na mtu aliyejua vizuri anachofanya. Mwizi wa sokoni huchukua kikapu. Huyu alikuja kuchukua maziwa kifuani mwa mama, ili amwuzie mengine.

"Nilimpa mtoto wangu chupa ile kwa sababu ya kofia tu," alimwambia Oloo. Oloo akageuza uso ukutani. Alikuwa akilia.

Masista wa wodini, wale wa kweli, walimsaidia kukamua tena. Maziwa yalitoka tone kwa tone. Waliporuhusiwa kwenda nyumbani yalikuwa yameanza kurudi, na Mbithe aliwafuata Kangemi siku hiyo hiyo baada ya kazi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kulitoa jiko nje na kufungua dirisha.

"Mtoto atapigwa na baridi," alisema Peres.

"Mama, jiko la makaa ndani ya chumba kilichozibwa linatoa hewa yenye sumu. Haina harufu. Watu wazima wanalala hivyo na hawaamki. Sembuse huyu?"

"Na daktari alisema joto."

"Alisema, lakini hakumaliza. Joto liko hapa." Mbithe akamvua Awiti nguo, akambakishia nepi na kofia ya sufu. Akamlaza kwenye kifua kitupu cha Milcah, kati ya matiti, ngozi kwa ngozi. Akawafunga wote wawili kwa kanga, uso wa mtoto ukiwa upande ili apumue vizuri, kisha akawafunika blanketi. "Lile sanduku la hospitali linamwiga mama tu. Mama mwenyewe yuko. Mkae hivi mchana kutwa, na usiku mama ainue kichwa kwa mito. Akichoka, Baba Awiti pia ana kifua."

Oloo akacheka kidogo, kisha akaona Mbithe hacheki.

"Sasa maziwa," alisema Mbithe. "Kwanza mpe titi, hata avute kidogo. Akichoka, kamua kwenye kikombe kilichochemshwa, mpe kwa kijiko. Akilala sana, mwamshe, usingoje alie. Mtoto njiti hana nguvu ya kulilia chakula. Kopo lililobaki ukilazimika kulitumia, pima kama ilivyoandikwa, usizidishe maji, na maziwa yako yakiongezeka liache kabisa. Hiyo chupa itupe."

Milcah akamtazama mama mkwe wake. Peres alikuwa amekunja mikono.

"Katika nyumba hii hatukamui," alisema Peres.

Mara ya kwanza Milcah alinyamaza, na kunyamaza kule kulikaribia kumwua mtoto. Sasa akapiga moyo konde.

"Mama," alisema, "yule wa kwanza nilimkamulia wapi?"

"Ukutani. Unajua."

"Ukutani, kwa sababu hakukuwa na wa kunywa. Nilikuwa nayamwaga. Huyu yuko hapa, mama. Msikie anavyopumua. Mimi sikamui kwa kufiwa. Mimi nakamua ili nisije kufiwa."

Peres alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, kile kichwa kidogo ndani ya kofia kubwa. Kisha akainuka, akachukua kikombe, akakitia kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemka nje.

"Kijiko nitashika mimi," alisema. "Nyinyi vijana mna haraka, mtamkaba."

Na kweli alishika. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akamweka Awiti wima kidogo, akagusisha kijiko mdomoni, akangoja mtoto alambe mwenyewe. Hakummiminia. Majirani wenye kikohozi aliwazuia mlangoni, hata wale wa kanisani kwake. "Mtamwona akiwa mkubwa," aliwaambia. Mbithe alimfundisha dalili za hatari: mtoto akikataa kunyonya, akiwa baridi au moto kupita kiasi, akipumua mbio, akigeuka wa manjano, au akilegea. Akiona hata moja asiulize mtu, aende hospitali. Peres alizishika kama anavyozishika nyimbo za kanisani, na kila mwanamke aliyekuja bombani alimwimbia zote, atake asitake.

Maziwa ya Milcah yalirudi. Kopo la dukani likasahaulika. Kila kliniki Awiti alipowekwa kwenye mizani, Mbithe aliusoma uzito kwa sauti, na Milcah alimwambia arudie. Mashavu yakajaa. Siku moja mtoto alivuta titi mpaka akashiba mwenyewe, na Peres akabaki ameshika kijiko kisicho na kazi. Akasema huyu mtoto hana adabu, amemfuta bibi yake kazi.

Ndipo lile gari jeupe likarudi.

Virginia alishuka na gauni lake jeupe. Safari hii alikuja na bwana mwenye kamera. Wanawake walikuwa bombani, na mmoja wao, Ngina, mjamzito, alikwishapewa kopo. Virginia akamwona Awiti mikononi mwa Milcah.

"Si huyu ndiye yule njiti?" alisema. "Mnaona, akina mama? Mnaona vile maziwa yetu imemsaidia?"

Milcah alimvuta Awiti karibu na kifua. Mtoto alitundikiwa maji kwa sababu ya kopo lile, na sasa kopo lilikuja kudai shukrani.

"Tunataka kumpiga picha," aliendelea Virginia. "Ya kalenda ya kampuni. Tutaweka kopo hapa kando yake. Mama, umelea vizuri sana, wewe ni mama wa kisasa." Akamvika kilemba cha ukoka hivyo, mbele ya watu.

"Sawa," alisema Milcah. "Mpige picha. Lakini kando yake tuweke kitu kilichomkuza. Mama, lete kikombe."

Peres akaleta kikombe cha bati na kijiko chake. Milcah akaketi kwenye jiwe la kufulia, akafungua vifungo vya gauni, akamweka Awiti kwenye titi. Kikombe akakiweka gotini. Bwana wa kamera akainua kamera, kisha akamtazama Virginia.

"Hapana," alisema Virginia, na tabasamu lilikuwa limekwisha. "Picha kama hiyo haiwezi kuuza kitu."

"Sasa ndiyo umesema ukweli," alisema Milcah. "Waambie hivyo hivyo kila nyumba unayoingia. Na hiyo kofia uitoe kwanza."

Ngina alilitazama kopo alilopewa, akalifuta vumbi kwa kanga yake, akamrudishia Virginia mkononi. Kisha akaketi kando ya Milcah, akamwuliza hilo jambo la kikombe linafanywaje.