Bawa la Vidole Sita

Jumamosi ile intaneti kafe ya karibu na stendi ya Singida ilifurika. Vijana waliokwisha pakia matenga yao ya kuku kwenye mabasi ya Dar es Salaam waligombea kompyuta na wasichana wa chuo, na feni ilizunguka bila kumpoza mtu. Katikati ya zogo hilo akaingia Yunisi, mwalimu wa baiolojia, sketi yake ya kitenge imemkaa vizuri, blauzi ya bluu ya mikono mirefu imefungwa vifungo mpaka kwenye vifundo vya mikono, na jua lenyewe la kukaanga karanga.

"Karibu, mwalimu," alisema Peniel, kijana aliyesimamia kafe. "Barua pepe au kuchati?"

"Nataka kuku."

Kafe nzima ikaangua kicheko. "Kuku wako nje, dada yangu, kwenye matenga!"

"Wangu yuko ndani ya yai," Yunisi alijibu bila kutabasamu. "Nataka kuona anavyoumbika. Nasikia vyuo vya Ulaya vinaweka picha za kufundishia. Nafundisha kidato cha sita, na nina kitabu chenye mchoro mmoja uliofifia."

Peniel akamtafutia kiti. Picha zilishuka kidogo kidogo, mtandao ukijikongoja, mpaka kitone chekundu kikaonekana katikati ya kiini, kinadundadunda.

"Hiyo siku ya ngapi?"

"Ya tatu. Ndio moyo huo."

"Hana macho ya maana, hana manyoya, na moyo tayari unapiga?" Peniel alimtazama yeye, si kompyuta. "Basi moyo una haraka sana, mwalimu."

Yunisi alicheka kabla hajajizuia. Kisha akakumbuka mikono yake, akaivuta chini ya meza.

Kila mkono, pembeni mwa kidole cha mwisho, ulikuwa na kidutu kidogo kama punje ya mtama. Alizaliwa na vidole sita kila upande. Bibi yake kule Mgori akavifunga vile vya ziada kwa uzi, vikakauka, vikadondoka, na watu wakadhani mambo yameishia hapo. Hayakuishia. Miaka miwili nyuma alikuwa mchumba wa mtu aitwaye Ignas. Siku ya kutambulishwa, shangazi yake Ignas alikuwa akiwanawisha wageni, akaviona vile vidutu, jagi likasimama hewani. "Kumbe ni wa vidole sita," alisema, "na wajukuu je?" Mahari haikufika. Tangu hapo Yunisi alikula kwa kijiko hata ugali, na watu wakadhani anaringa.

Lakini alirudi kafe wiki iliyofuata, na ile iliyofuata, mpaka miezi ikapita na wawili hao wakawa wapenzi. Jioni Peniel alimbipu mara mbili, maana yake nakuwaza; naye akibipu mara moja, maana yake nimesikia, acha utoto. Peniel alipokuwa na vocha alipiga kabisa.

"Mama Kuku, umekula?"

"Nimekula. Na usiniite hivyo mbele ya wanafunzi wangu."

"Mpenzi, Jumapili ijayo mama yangu anatusubiri Misigiri. Amesema atachinja."

Yunisi alivuta mikono ya blauzi mpaka vidoleni. Kwa mama mkwe hakuna vijiko. Kuna beseni, jagi, na macho ya mama mwenyewe juu ya mikono ya mgeni.

"Utakuja?"

"Sikusikii, mtandao unakatika," alidanganya.

Siku iliyofuata alifika kafe akiwa hajalala. Peniel alikuwa amemwashia kompyuta tayari. "Nimekutafutia ukurasa mwingine," alisema, sauti yake si ya kawaida. "Usome taratibu."

Lilikuwa bawa la kifaranga. Wataalamu walikuwa wamehamisha kipande kidogo cha nyama kutoka ukingo mmoja wa chipukizi la bawa hadi wa pili, na bawa likaota vidole sita badala ya vitatu. Sita! Yunisi hakusoma zaidi. Masikio yakamvuma. Ameniona, alijiambia. Ameniona na amenitafutia picha yangu anicheke. Akainuka, akatoka mbio akipita kati ya matenga, mkoba ukabaki mezani.

Simu ililia siku mbili. Hakupokea. Alifundisha mikono ikiwa mifukoni, akiogopa kila mlango uliofunguliwa, maana Singida ni mji mdogo na maneno hayahitaji basi.

Peniel akaja mwenyewe mchana, mkoba wa Yunisi begani kama mama wa sokoni, akasimama uani kwake.

"Nenda, Peniel. Umeshacheka, inatosha."

"Nani kacheka? Yunisi, nilikiona hicho kidutu siku ya kwanza, uliposhika mausi. Miezi yote nasubiri uniambie. Nikashindwa kusema kwa mdomo, nikadhani ukurasa utanisemea."

"Ukurasa wa kuku!"

"Si ndicho tunachokijua? Ungesoma mpaka chini. Wanasema ni ishara tu ya mwanzoni, inayoliambia chipukizi liote vidole vingapi; ikizidi, navyo vinazidi. Hakuna laana. Mjinga ni mimi, nisamehe."

Yunisi alilia kwa uchungu wa miaka miwili. "Na mama yako?"

Peniel akamkabidhi mkoba. "Sijui. Siwezi kukudanganya, sijui atasemaje. Ninalojua ni kwamba nataka kukuoa, akitaka asitake."

Jumapili, Misigiri, Yunisi aliketi mkekani. Alishaamkia, "Shikamoo mama," na Mama Kristina, mama yake Peniel, alishaitikia, "Marahaba, mwanangu." Sasa mama huyo alikuja na beseni na jagi. Yunisi akafungua vifungo, akakunja mikono ya blauzi, akanyoosha viganja kabla maji hayajamiminwa. Aliona heri afukuzwe mapema kuliko kuviziwa.

"Mama, naomba uviangalie kwanza. Nilizaliwa na vidole sita."

Mama Kristina akaweka jagi chini, akashika mkono mmoja, akaugeuza, akapapasa kile kidutu kwa dole gumba.

"Walikufunga?"

"Ndiyo, mama. Kwa uzi."

"Ukiwa mchanga hivyo." Alitikisa kichwa, akachukua jagi, akamimina maji polepole juu ya mikono yote miwili. "Wajukuu wangu msije mkawafunga."