Namba Iliyoandikwa "Mke Wangu"

Simu ya Gernot ilitetemeka mezani, kwenye mgahawa wa meli, kati ya kikapu cha mkate na sahani ya jibini. Ortrun alikuwa anampakia mumewe siagi kwenye mkate. Akaitupia jicho bila kukusudia.

MKE WANGU: Nitakuwa penye kinu cha upepo kabla ya mchana. Njoo peke yako. Usije na huyo.

Kisu cha siagi kikabaki hewani.

Mke wangu? Mke wa Gernot si ndiye yeye? Walifunga ndoa kiangazi kilichopita, pale manispaa ya Koblenz, mbele ya mashahidi. Na simu yake yeye ilikuwa chumbani, kwenye mkoba, imezimwa.

Gernot akarudi na maji ya machungwa.

"Mbona umeduwaa, mpenzi?"

"Simu yako imelia."

Akaidaka, akasoma, akaigeuza kifudifudi. Masikio yakamwiva.

"Nani huyo?"

"Aah, kampuni ya simu. Matangazo yao yale yale."

"Asubuhi yote hii?"

"Hawalali hao."

Akauma mkate kama mtu asiye na neno. Ortrun akamtazama akitafuna, akatamani ule mkate umkwame kooni.

Kila masika, chama cha wapenda bustani cha Koblenz hukodi vyumba kwenye meli, na kushuka Mto Rhine hadi Uholanzi kuangalia maua ya tulipu. Gernot alikuwa mwanachama tangu nywele zake zikiwa nyeusi, yeye na Annelore, mkewe wa kwanza, aliyefariki kwa saratani. Ortrun alikuwa mgeni, na tangu apande meli hakupewa nafasi ya kusahau. Annelore alipenda dirisha lile. Annelore alicheka sana kwenye safari ile. Bibi mmoja alimwita Annelore mara mbili, na mara zote mbili Gernot hakumsahihisha.

Mumewe alipoingia bafuni kupiga mswaki, Ortrun aliichukua simu. Kwanza akatafuta jina lake mwenyewe. Hakulipata kwenye M. Akalipata kwenye O: "Ortrun Kwaya."

Kwaya! Kwa sababu walikutana kwenye kwaya ya kanisa. Mwanaume analala naye kitanda kimoja, halafu simuni yeye ni mwimbaji tu!

Akainakili ile namba nyingine, akapanda juu kwenye sitaha, akapiga kwa simu yake.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Sauti ya mwanamke. Mbichi, changamfu, ya mtu aliyeamka na furaha zake. Ortrun akakata.

"Shoga, mbona umenuna hivyo?" Alikuwa Hiltrud, mjane wa jirani yao, mwanamke ambaye hakuwahi kupitwa na habari. "Usiku hamkulala vizuri?"

"Hiltrud, niambie. Mwaka jana Gernot alikuja huku?"

"Alikuja. Ila kule bustanini hatukumtia machoni. Alipotea, akarudi basi limeshawashwa. Macho mekundu, mdomo unacheka. Nikasema moyoni, huyu mzee ana mtu huku."

"Mwaka jana tulikuwa tumeshachumbiana."

"Ala! Basi nisamehe, mimi sikusema kitu," Hiltrud akajibu, na uso wake ukaonyesha wazi kwamba amefurahi kukisema.

Basi likawachukua kutoka gatini hadi bustani ya Lisse. Njia nzima Gernot alimshika mkono Ortrun, na mkono wenyewe ulikuwa wa baridi. Mvua nyepesi ilikuwa inakatika. Walipoingia getini, tulipu zilikuwa zimechanua hadi zinaumiza macho, nyekundu, njano, zambarau, matuta kwa matuta. Wenzao wakaanza kupigana picha.

"Mpenzi," Gernot akasema, "wewe fuatana na kina Hiltrud. Mimi nataka niyapige picha maua ya hiasinti, utachoka kunisubiri."

"Mimi sichoki."

"Miguu yako lakini..."

"Miguu yangu imekufanya nini, Gernot?"

Akacheka kicheko kikavu, akambusu shavuni, akaondoka. Kamera ameiacha kwenye basi.

Ortrun akahesabu pumzi chache, akamfuata. Alipita nyuma ya familia moja yenye watoto mapacha, akajibanza kwenye ua wa miti, akajikuta ananyatia kama mwizi akiwa na miaka yake sitini. Aibu ilimpanda. Wivu ukaishinda aibu.

Penye kinu cha upepo palikuwa na mwanamke amesimama, kampa mgongo. Nywele fupi, nyekundu za kupaka. Koti la njano. Kijana! Gernot akamwendea kwa haraka ambayo Ortrun hakuwahi kuiona miguuni mwake, akamkumbatia, akambusu kwenye paji la uso. Wakabaki hivyo, wanayumba taratibu.

Ortrun hakujua amefikaje. Alishtuka tu mwavuli wake umeshatua begani kwa Gernot.

"Kampuni ya simu, eeh? Hii ndiyo kampuni ya simu?"

"Ortrun! Subiri..."

"Nisubiri nini? Harusi yenu? Nawe binti, huoni haya? Huyu ana umri wa baba yako!"

"Ndiye baba yangu," yule mwanamke akasema.

Watalii waliokuwa wanakipiga picha kinu wakageuza kamera upande wao. Ortrun akamwangalia vizuri. Kidevu kile. Nyusi zile. Kule nyumbani palikuwa na picha ya msichana mwenye nywele ndefu nyeusi, Frauke, bintiye Gernot anayefundisha shule mjini Leiden. Hakuja harusini. Tangu ndoa ile hajakanyaga kwao.

Mtu angedhani moyo wa Ortrun ungetua. Haukutua.

"Afadhali ungekuwa hawara," akasema. "Hawara ningejua la kumfanya. Gernot, kwa nini mwanao ameandikwa 'Mke Wangu'?"

Frauke akageuka polepole. "Nimeandikwa nini?"

"Mke wangu. Mimi ni Ortrun Kwaya."

"Baba! Namba ya mama niliichukua mimi kwa sababu sikutaka ipewe mtu mwingine. Miaka yote hii hujabadilisha jina?"

Gernot akaishika simu mfukoni.

"Na wewe," Ortrun akamgeukia binti, "ni neno gani hilo, 'usije na huyo'? Nimekukosea nini?"

"Umenikosea nini? Si wewe uliyekataza jina la mama lisitajwe nyumbani kwetu? Si wewe uliyesema nikija utaondoka?"

"Mimi?"

"Baba ameniambia."

"Mimi nimekualika harusini kwa mkono wangu! Krismasi nikatandika kitanda chako. Baba yako akaniambia hutaki hata kunisikia!"

Mabawa ya kinu yalikuwa yanalia juu yao. Wanawake wote wawili wakamgeukia Gernot, naye akakaa kwenye benchi lenye maji ya mvua bila kuona kwamba limelowa.

"Sema," akasema Ortrun.

"Nikiwa na Frauke hapa," Gernot akaanza, "tunatembea alipotembea Annelore, tunamzungumza, na anakuwa yupo. Siku moja tu kwa mwaka. Nikawaza, nikikuleta wewe, Ortrun, basi atakuwa amekufa kweli."

"Kwa hiyo ukaniua mimi badala yake."

"Sikuwaza hivyo."

"Ulinifanya shetani mbele ya mwanao, Gernot. Ili upate pa kulilia."

Machozi yalimshuka Gernot hadi kwenye kola. Siku nyingine Ortrun angemfuta. Leo alifunga mwavuli wake.

"Frauke, umekula?"

"Bado."

"Twende tukale. Kisha unionyeshe alipopenda mama yako. Nimelisikia jina lake tangu Koblenz, angalau nijue alikuwa nani."

Wakamwacha benchini. Wakala chapati tamu zenye sukari, wakitazamana kwa wizi. Frauke akampeleka penye tulipu ndogo za porini, za manjano, chini ya miti, ambazo watu wengi walizipita.

"Alikuwa anachuchumaa hapa. Alikuwa anasema hizi hazijipendekezi."

Ortrun naye akachuchumaa. Zilikuwa nzuri, na akachukia kwamba ni nzuri.

"Nikwambie ukweli? Namwonea wivu mama yako. Hata sasa."

"Mimi nakuonea wivu wewe," Frauke akasema. "Wewe unaamka naye kila siku."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka.

Jioni basi lilikuwa linawashwa. Ortrun akasimama mlangoni, mkoba begani.

"Mimi silali melini leo. Naenda Leiden kwa Frauke. Kesho nitawafuata Amsterdam."

Ndani ya basi, Hiltrud alikuwa ameacha kutafuna.

Gernot alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Akainuka. Akashika vichwa vya viti, kimoja baada ya kingine, hadi katikati.

"Jamani," akasema, "nina neno. Mke wangu anaitwa Ortrun. Mmekuwa mkimwita jina lingine nami nikanyamaza. Mengine niliyomfanyia ni mabaya zaidi, hayo nitamwambia mwenyewe. Hiltrud, ukienda kusimulia, simulia hivyo hivyo."

"Mimi tena!" Hiltrud akalalama.

Gernot akashuka. Hakuwa na sanduku wala mswaki. Mvua ilikuwa imeanza tena, na Ortrun hakumfunika kwa mwavuli.

"Mtanichukua?" akauliza.

Frauke akamtazama Ortrun. Gari lake lilikuwa dogo, kijivu, limejaa madaftari ya wanafunzi. Ortrun alifungua mlango wa mbele, akakaa, akafunga mkanda.

Gernot alibaki amesimama kwenye mvua, hajui ashike kitasa kipi.

"Nyuma," Ortrun akamwambia.

Akakaa nyuma.