Kiwanja cha Niboye Kilichouzwa kwa Pombe

Kila asubuhi Damascène aliondoka Niboye, mtaa wa Kigali, kwa miguu kwenda kuwajengea watu wengine nyumba. Alikuwa mwashi hodari. Mkewe, Mukandekezi, alisomba mawe na mchanga katika kazi hizo hizo. Jioni walirudi katika chumba kimoja cha kupanga, wao na binti yao Umutoni. Paa la chumba hicho lilivuja.

Mwanzoni mwa mwaka 1991 watu wengi waliingia Kigali wakikimbia vita vya kaskazini. Vyumba vikaadimika. Mwenye nyumba akasema bila haya, "Nawapa hadi mwisho wa Agosti. Nimepata mpangaji mwingine."

Mukandekezi alichemka. "Mikono yetu imejenga nusu ya mji huu, nasi hatuna pa kuweka chungu!"

"Tulia, Mama Umutoni," alisema mumewe. "Valens ameniuzia kipande cha kilima. Matofali yangu yanakauka huko, na ukuta nimeshauanza."

"Karatasi iko wapi?"

"Karatasi ya nini? Tumekunywa pombe ya ndizi mbele ya majirani. Wanaume saba tumepokezana mrija mmoja. Huo ndio ushahidi tangu mababu."

Mukandekezi akakubali. Hata baba yake alinunua ng'ombe hivyo hivyo.

Wakafyatua matofali kila Jumamosi na kila Jumapili baada ya misa. Ukuta ukafika kifuani. Kisha Jumatatu moja wakaukuta chini. Vibarua wa mfanyabiashara mmoja walikuwa wanachimba msingi mwingine palepale. Valens alikuwa amekiuza kiwanja mara ya pili, na mara ya pili pia alimimina pombe.

Mukandekezi aliwafuata wale mashahidi kilabuni.

"Je, hamkuinywa pombe yetu?"

"Tuliinywa, mama," alijibu mmoja, akichokoa meno. "Lakini ya yule mfanyabiashara ndiyo tuliyoinywa jana."

"Kumbe ukweli wenu hukaa tumboni, asubuhi mnakwenda kuuacha chooni!"

Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Alirudi nyumbani, na machozi yakamtoka njiani.

Jirani yao, Mukandayisenga, alikuwa akifundisha ujenzi katika kituo cha akina mama. Alikuja jioni ile. Hakuleta maneno ya pole.

"Valens ni mwizi," alisema. "Lakini mlango mlimfungulia ninyi. Mababu waliuziana mbele ya watu waliozaliwa na kuzikwa kwenye kilima kimoja. Hapa mjini, nani anamjua jirani yake hata miaka miwili?"

"Sasa mimi fundi peke yangu nitashindana vipi na tajiri?" aliuliza Damascène.

"Hilo ndilo kosa la pili. Kwa nini uwe peke yako? Wafanyakazi wangapi hapa wana shida kama yenu?"

Damascène alihesabu kwa vidole. "Familia kumi na mbili hazikosi."

"Basi undeni chama. Pelekeni majina kwa konseye, diwani wa sekta, kisha ombeni viwanja ofisi ya komini iliyo juu yake. Msichimbe hata shimo moja kabla mpimaji hajaweka mawe ya mpaka, nanyi hamjashika barua yenye muhuri. Baada ya hapo jengeaneni kwa zamu, kama mnavyolimiana mashamba."

"Ubudehe," alisema Mukandekezi polepole.

"Naam. Ubudehe wa nyumba."

Chama cha familia kumi na mbili kikaundwa. Ofisini waliambiwa warudi siku nyingine. Wakarudi. Wakaambiwa tena. Mara ya tatu Mukandekezi aliketi kwenye ngazi, na wenzake wote wakaketi.

"Mama, mnaziba njia," alisema karani.

"Tumezoea kukaa njiani, bwana karani. Ndiyo maana tumekuja."

Alasiri waliitwa ndani. Mwezi wa Mei mpimaji akaja. Aliwakatalia bondeni, penye mkondo wa maji, akawapimia kwenye mteremko mgumu. Barua ikatolewa, ikiwa na majina yote na muhuri.

Kiangazi kilipoanza, kazi ilianza. Wanawake walikanyaga udongo na majani, wanaume wakafyatua rukarakara, yaani matofali yasiyochomwa. Mukandayisenga alikagua kila kitu.

"Geuzeni matofali yakauke pande zote. Msingi wa mawe ufike gotini. Tofali la udongo lisiguse ardhi yenye maji. Na paa litokeze nje, mvua isilambe ukuta."

Zamu zilipangwa kwa kura. Damascène alinung'unika. "Fundi ndiye angeanza."

"Na aliyekanyaga udongo je?" mkewe alimkata. "Chukua kura kama watu wengine."

Walipata zamu ya tatu. Siku tatu kabla ya Agosti kwisha, walihamia. Mvua ya kwanza ilipopiga bati, Mukandekezi aligusa ukuta kutoka juu hadi chini. Ulikuwa mkavu.

Jumamosi iliyofuata Damascène alibaki kitandani. "Nimechoka," alisema. "Isitoshe, sisi tumekwishapata yetu."

Mukandekezi alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Rudia, Baba Umutoni. Nimesikia vibaya?"

Damascène alivuta blanketi, mkewe akaendelea.

"Évode mwenzetu wa chama ana zamu ya saba, bado anangoja. Mwenye nyumba wake amemtupia vyombo nje. Kila tofali la ukuta huu limepita mikononi mwake. Ukilala humu leo, una tofauti gani na Valens?"

Damascène alitazama ukuta. Kisha aliinuka, akachukua mwiko na timazi, akatoka bila kunywa uji.

Kufikia Pasaka ya mwaka uliofuata, nyumba ya kumi na mbili iliezekwa. Damascène alipigilia msumari wa mwisho, na Mukandekezi ndiye aliyemshikia ngazi.