Miguu Ambayo Nyawira Hakuichora

Watu wa Nyeri hupenda kusema kwamba majini ni mambo ya Mombasa, huku juu baridi ingeyaua. Kabura naye alikuwa akisema hivyo na kucheka, hadi asubuhi ile ya Julai alipopanguza vumbi kwenye picha ya marehemu mumewe na kitambaa kikatoka na rangi ya buluu. Picha ilikuwa na miezi ukutani, lakini ilikuwa mbichi.

Mumewe, Ngatia, alikuwa mpiga kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma, mtu aliyewachezesha wazee dansi ya mwomboko kutoka Karatina hadi Nanyuki. Binti yao Nyawira, mwalimu wa sanaa, alimchora kwa rangi za maji akipiga kodiani uani, na wiki haikuisha kabla Ngatia hajaanguka na kufa. Picha hiyo ndiyo iliyotangulia mbele ya jeneza, maana katika picha zote za kamera Ngatia alisimama kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

Kabura hakulia mazishini. Alipika chai, akagawa, akaosha vikombe. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa, na hakuona haja ya kuuamsha.

"Ni unyevu tu, Mami," Nyawira alisema alipofika.

"Ulimchora aje hata akasonga hivi?"

Nyawira alifurahi kuulizwa. "Huu mkono nimechora mara tatu, moja juu ya ingine, karatasi ikiwa na maji ndio rangi ikimbie. Hapa kodiani inapofunguka sikuweka rangi. Jicho yako ndio inavuta na kusukuma."

"Na miguu?"

"Miguu sikuchora. Nilimwaga tu maji ya kahawia, kama vumbi. Mwenye anaangalia ndiye anampea miguu."

"Mimi ndio humwangalia kila siku," Kabura alisema.

Alasiri hiyo ukungu ulishuka hadi madirishani. Nyawira, akiwa jikoni, alisikia kodiani ikivuta pumzi bila kutoa sauti ya wimbo, ikivuta na kuachia, na harufu ya ugoro wa baba yake ikaja, na alipochungulia sebuleni alimwona mama yake, mwanamke aliyeacha dansi siku aliyookoka, amejifunga kitambaa chake cha kanisani, kikombe mkononi, uso mtupu kabisa, huku chini miguu ikienda hatua mbili na kupinda goti, hatua mbili na kupinda goti, bila chai kumwagika hata tone.

"Mami, wacha," alinong'ona.

"Si mimi. Miguu siisikii." Kabura alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya viazi. "Baba yako aliniomba tucheze mara moja tu, ile wiki ya mwisho. Nikamwambia niko na mkutano wa kanisa."

Nyawira aliogopa kumpoteza huyu pia. Akampigia simu Mzee Moffat, mzee wa kanisa ambaye kabla ya wokovu alimgongea Ngatia karing'aring'a, kile chuma cha duara cha mwomboko. Moffat alipofika alikemea pepo kwa sauti ya kutikisa mabati, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vikigonga Biblia, na vilikuwa vikifuata mdundo.

"Maji ndio ilimleta," alisema polepole, akirudi nyuma. "Ioshe hiyo picha. Ioshe sasa hivi."

Nyawira alileta karai, akaitoa karatasi kwenye fremu na kuizamisha. Ile mikono mitatu ikayeyuka kwanza. Nyuma yake kikombe kilimponyoka mama yake na kuvunjika, naye Nyawira akadhani ni woga. Akasugua uso wa baba yake pichani.

"Nani amezima stima?" Kabura aliuliza.

Ilikuwa bado mchana. Nyawira aligeuka akaona macho ya mama yake yamefunguka wazi, yanatafuta. Aliinyakua karatasi majini, akakimbilia rangi zake, akayarudisha macho ya baba yake, kisha mikono. Kabura akapepesa, akaona. Lakini miguu yake ilikuwa bado inaenda, hatua mbili na goti, damu ikitoka alipokanyaga vigae vya kikombe. Basi Nyawira akaamua kumchorea baba yake miguu ya kwake, ili asiazime ya mtu. Tatizo ni kwamba hakuwahi kuitazama miguu ya baba yake. Alichora ile aliyoiona mbele yake, ya mama yake.

Miguu ya Kabura ikasimama. Moffat akamkalisha kitini, akasema Mungu ni mkubwa, kila kitu kimetulia.

"Wacha nikuwekee chai, mzee," Kabura alisema, akashika mikono ya kiti, akajisukuma. Hakuinuka. Alijaribu tena. Nyawira alipiga magoti akamfinya nyayo, akafinya kwa nguvu, akilia, "Mami, unasikia? Hapa unasikia?"

Kabura aliitazama picha mezani, na machozi yaliyogoma tangu mazishi yakaanza kumtoka.

"Wacha aende na miguu yangu," alisema. "Nikiwa nayo nilimnyima dansi."