Rafu ya Siku Moja

Asubuhi ile duka la Cleotha lilinukia machungwa. Hapa Pinkston, kijiji chetu cha Mississippi kilichozingirwa na pamba pande zote, duka ni hilo moja tu, na lilikuwa limezoea kunukia mafuta ya taa na tumbaku. Mkewe, Verlene, alikuwa akipanga mayai, maziwa, mchele, kuku wa barafu na mafungu ya sukuma wiki yenye umande. Kando ya kaunta aliketi Bi Ozella, shangazi aliyemlea Verlene, akiguna wimbo wa kanisani.

"Mwanangu, vyote hivi nitanunua kwa kadi yangu ya chakula?"

"Vyote, shangazi. Mkaguzi akituridhia, serikali itatupa ruhusa. Hutamlipa tena jirani petroli akupeleke mjini kutafuta mayai."

"Basi Mungu asinichukue kabla sijaipika hiyo sukuma."

"Akuchukue aende nawe wapi? Utaikosoa kwaya yake."

Wakacheka. Verlene ndiye aliyeandika maombi, na masharti aliyaelewa. Duka linalotaka kupokea kadi ya serikali, ile inayowalipia maskini chakula, lazima liuze chakula hasa: nyama, maziwa, nafaka, mboga na matunda, aina kadhaa za kila kimoja, na liwe navyo siku zote. Alikuwa amemsomea mumewe, naye akaitikia kwa kichwa.

Mkaguzi, mama mmoja mpole, alikuja, akapiga picha, akaondoka. Vumbi la gari lake halijatua, Cleotha akaanza kubeba makreti kuyatoa nje.

"Unapeleka wapi?"

"Kwa kaka Thaddeus. Ni vya duka lake la mjini, aliniazima."

"Uliniambia umenunua!"

"Ninunue sukuma ioze? Watu hapa wanakunywa soda, mke wangu. Soda haiozi. Ngoja mashine ya kadi ifike, utanishukuru."

Verlene alisimama na fungu moja mkononi. Cleotha akalichukua hilo nalo. Verlene angeweza kumpigia mkaguzi simu siku ileile, ndugu zangu. Hakupiga. Alijiambia mume ni mume, na nyumba haianikwi barabarani.

Ruhusa ikaja, mashine ikafungwa, kadi zikaanza kupita. Zilipita kwa soda, krispi, tambi za paketi na biskuti za chumvi. Jirani aliyewabeba watu kwenda mjini aliona safari zimekwisha, akauza gari. Bi Ozella, mwenye kisukari cha miaka mingi, akawa anakula kile ambacho duka la mkwewe linacho.

"Lete mayai tu," Verlene alimsihi mumewe. "Mayai na mboga kidogo."

"Friji inakula umeme."

"Na kisukari kinamla shangazi!"

"Mimi ni muuza duka, si daktari."

Kidonda kikaota mguuni. Majani ya pamba yalipoanza kupukutika, mguu ulikatwa chini ya goti.

Ndipo mkaguzi yule akarudi mchana mmoja bila taarifa. Alikuta friji imezimwa, na juu ya rafu kopo moja la kunde lililofura kama shavu la mwenye jino bovu.

"Tumeishiwa jana tu, bibie," Cleotha akasema upesi. "Wateja ni wengi mno. Muulize mke wangu."

"Ni kweli, mama?" mkaguzi akamgeukia Verlene. "Kama ni kuishiwa tu, nionyesheni risiti za manunuzi. Nitasubiri."

Mlangoni Bi Ozella alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Hakuguna wimbo wowote.

"Hatujaishiwa," Verlene akasema. "Hatujawahi kuwa navyo. Vile ulivyovipiga picha vilikuwa vya kuazima."

"Verlene! Unachoma nyumba yako mwenyewe!"

"Iliungua zamani, Cleotha. Mimi nilikuwa napunga moshi tu, watu wasiuone."

Ruhusa ikafutwa. Wakaambiwa wasiombe tena kabla ya miezi sita, na duka halikufika huko. Mlango ulipigwa mbao. Sasa kijiji hakikuwa na duka, wala gari la kwenda mjini, na watu walimpita Verlene kanisani wakitazama pembeni, kana kwamba yeye ndiye aliyekula chakula chao.

Bi Ozella hakuvuka baridi ile. Sukuma ililetwa kutoka mjini kwa ajili ya matanga yake, sufuria kubwa. Verlene aliipika mwenyewe kama alivyofundishwa naye. Hakuionja.

FUNZO

Ruhusa ya kupokea kadi ya chakula ni amana, na anayeiomba ameahidi kulisha watu. Ukipamba rafu kwa ajili ya jicho la mkaguzi, jua tumbo la jirani yako halishibi picha. Nawe uliyeujua uongo ukaufunika ili kulinda nyumba, sema siku ya kwanza. Verlene alisema kweli, lakini mguu ulikuwa umekwisha kukatwa.